TUHIFADHI WAPI KAZI ZETU? FLASHI, HADI DISKI NA SSD

Mwaka huu mhariri amenikataza kuandika shairi kama ilivyo desturi yangu. Ameniomba niandike somo kuhusu vifaa vya kuhifadhia kazi zetu za kompyuta. Sababu ya kuombwa mimi wala si mwingine mtaijua punde si punde. Ukweli ni kwamba mimi ndimi niliyepoteza nyimbo za chama.

Kisa chenyewe ni hiki. Muhula wa pili mwaka jana, wanachama sita tulikwenda kumtembelea nyanya mmoja aliyekuwa akiishi ng'ambo ya mto, si mbali na shule. Tulikwenda kwa ajili ya fasihi simulizi. Nyanya yule alituimbia bembelezi nne na hodiya mbili, na kila wimbo akatueleza ulivyotumika alipokuwa msichana. Tulirekodi kwa simu ya mwalimu mlezi wa chama karibu saa nzima. Tuliporudi shuleni simu ilikuwa imejaa, basi mwalimu akanipa niipunguzie mzigo. Mimi nikaunganisha simu na kompyuta, nikakata zile faili na kuzibandika katika flashi ya chama. Sikunakili, nilikata. Kumbukeni neno hilo.

Flashi yenyewe ilikuwa ya kila mtu. Ndiyo iliyobeba mashairi, orodha ya wanachama, na ndiyo iliyopelekwa mjini kupigisha chapa. Wiki ya tatu niliichomeka, kompyuta ikaniandikia kwamba flashi haisomeki, ati ni lazima ifomatiwe kwanza. Kengele ya prepu ilikuwa karibu kulia. Nikabonyeza "ndiyo" bila kufikiri. Flashi ikafunguka, nyeupe pepe kama karatasi mpya, nami nikaandika faili nyingine humo. Siku mbili baadaye ndipo nilipokumbuka nyimbo. Mate yalinikauka! Mwalimu wa kompyuta alijaribu programu ya kufufua faili, akapata barua mbili na picha chache. Nyimbo zilirudi vipandevipande visivyofunguka.

Nilijipa moyo kwamba tutarudi kwa nyanya aimbe tena. Tulirudi muhula wa tatu. Mjukuu wake alitupokea vizuri, akatukaribisha chai, kisha akatuambia kwamba nyanya alifariki wakati wa likizo ya Agosti.

Katika mkutano wa kwanza mwaka huu, mweka hazina alipendekeza tununue flashi kubwa zaidi. Mwenzetu mmoja akaruka: "Aa, flashi tena? Tununue SSD, siku hizi dunia yote ni SSD!" Mwingine akashikilia kwamba hadi diski ndiyo mzee wa kazi. Kelele zikazidi, kila mtu akivuta upande wake. Mwalimu mlezi akanigeukia, "Wewe utatufanyia utafiti. Lakini usiniletee jina la kifaa. Niletee kwanza orodha ya kazi." Wakati ule sikumwelewa. Sasa namwelewa, na hilo ndilo shina la somo hili: hakuna kifaa kilicho bora kwa kila jambo. Kuna kazi, na kila kazi ina kifaa chake.

1. TUPIME MZIGO KWANZA

Mtu haendi kununua gunia kabla ya kujua ana mahindi kiasi gani. Kipimo cha mzigo wa kompyuta ni baiti. Kwa makadirio, herufi moja huchukua baiti moja. Baiti elfu moja ni kilobaiti (KB), kilobaiti elfu moja ni megabaiti (MB), megabaiti elfu moja ni gigabaiti (GB), na gigabaiti elfu moja ni terabaiti (TB).

Sasa tutazame kazi zetu. Insha ya maneno 400 ina herufi kama 2,500, yaani haifiki hata KB 3 ikiandikwa kwa herufi tupu. Sauti iliyorekodiwa kwa kiwango cha kawaida cha biti 128,000 kwa sekunde hutumia baiti 16,000 kila sekunde, kwa maana biti nane hufanya baiti moja. Zidisha kwa sekunde 3,600, utapata kwamba saa moja ya nyimbo ni MB 57.6. Video ndiyo mlafi. Video safi ya simu huweza kula zaidi ya MB 100 kwa dakika moja, hivyo mchezo wa kuigiza wa dakika 45 hupita GB 4.5.

Kuna jambo lililonitatiza, labda nawe limewahi kukutatiza. Ukinunua diski ya TB 1 ukaitia kwenye kompyuta ya Windows, utaona GB 931. Je, muuzaji amekupunja? La hasha! Mtengenezaji huhesabu kwa elfu, bali Windows huhesabu kwa 1,024. Gawanya baiti 1,000,000,000,000 kwa 1,024 mara tatu mfululizo, utapata 931 na ushei. Kwa hesabu iyo hiyo, flashi ya GB 64 itaonyesha kama GB 59.6. Baiti ni zile zile, ila vibaba ni viwili.

2. TULIKOTOKA

Hadi diski ya kwanza kuuzwa ilitengenezwa na kampuni ya IBM kule Marekani mwaka 1956, kwa ajili ya kompyuta iliyoitwa RAMAC. Ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, na uzito wake ulikaribia tani moja. Pamoja na ukubwa huo wote, ilibeba herufi milioni tano tu. Wimbo mmoja wa dakika sita ungeijaza pomoni.

Baadaye zikaja disketi. Ile ya inchi 3.5 waliyoitumia kaka na dada zetu katika miaka ya tisini ilibeba MB 1.44. Chukua zile MB 57.6 za nyanya ugawanye kwa 1.44: ungehitaji disketi 40 barabara! Kisha zikaja CD za MB 700 na DVD za GB 4.7.

Katika utafiti wangu nilifungua kabati la idara ya Kiswahili, nikakuta boksi la disketi saba. Juu yake pameandikwa kwa kalamu: "Jarida la Chama, 1997." Nilifurahi mno. Nikazunguka nazo maabara nzima, kumbe hakuna kompyuta hata moja yenye tundu la kuzipokea. Kampuni ya Sony yenyewe iliacha kuuza disketi nchini Japani mwaka 2011. Basi nikaenda maktabani, na kwenye rafu ya chini nikalikuta jarida lilo hilo la 1997, limepigwa chapa, kurasa zimegeuka manjano. Nililisoma lote siku hiyo hiyo. Hapo nikajifunza kwamba kifaa hufa kwa njia mbili: chenyewe kuharibika, au kile cha kukisomea kutoweka.

3. HADI DISKI: MZEE MWENYE GHALA

Ndani ya hadi diski mna sahani nyembamba zilizopakwa utando wa sumaku. Sahani huzunguka kwa kasi, na mkono mdogo wenye kichwa hupita juu yake ukisoma na kuandika. Kichwa hicho hakigusi sahani. Huelea juu yake kwa upepo wa mzunguko, kwa umbali wa nanomita chache tu. Unywele wa binadamu una unene wa takriban nanomita 80,000. Ndiyo maana ukiiangusha hadi diski ikiwa inazunguka, kichwa hugonga sahani na kuikwaruza, na hapo ni kilio.

Hadi diski nyingi za kompyuta za mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Mzunguko mmoja huchukua kama elfu 8.3 za sekunde, na kwa wastani kichwa hungoja nusu ya mzunguko kabla ya kitu kinachotafutwa kupita chini yake. Ongeza muda wa mkono kusogea, tuseme elfu tisa za sekunde. Jumla ni kama elfu 13 za sekunde kwa kila kipande. Wee unaona ni kidogo? Tuchukulie kwamba kompyuta ikiamka huhitaji kuokota vipande vidogo 10,000 vilivyotawanyika. Elfu 13 za sekunde mara 10,000 ni sekunde 130. Hizo ndizo dakika mbili tunazokaa maabarani tukikodolea macho kile kiduara kinachozunguka.

Lakini usimdharau mzee. Faili ikiwa kubwa na imepangwa mahali pamoja, mkono hauna haja ya kurukaruka, na hadi diski husoma MB 100 hadi 200 au zaidi kila sekunde. Isitoshe, kwa pesa zile zile hukupa nafasi kubwa kuliko SSD. Tena mara nyingi huaga kabla ya kufa: huanza kugonga tiki-tiki, faili hukawia kufunguka, nawe ukiwa mwerevu huhamisha mizigo mapema. Kwa hivyo kazi yake hasa ni ghala: mambo mengi, makubwa, yasiyofunguliwa kila saa.

4. SSD: KIJANA MWENYE MBIO

SSD haina sahani, haina mkono, wala haina kinachozunguka. Ni chipu tupu. Ndani ya chipu mna vijumba vingi mno, na kila kijumba hunasa chaji ya umeme isitoroke hata kompyuta ikizimwa. Aina hii ya memori ilibuniwa na Mjapani Fujio Masuoka akiwa kampuni ya Toshiba katika miaka ya themanini. Jina la flashi lilipendekezwa na mwenzake, kwa kuwa jinsi data inavyofutwa kwa mkupuo ilimkumbusha mmweko wa kamera.

Kwa kuwa hakuna cha kungojea kizunguke, SSD huokota kipande kwa takriban elfu 0.1 za sekunde. Vile vipande 10,000 huviokota kwa sekunde moja hivi. Si mchezo! Ndiyo sababu kompyuta kuukuu ikibadilishiwa hadi diski na kutiwa SSD huwa kama imezaliwa upya, hata bila kuguswa kitu kingine.

SSD zenyewe zi aina mbili kuu. Ya kwanza ni ile ya inchi 2.5, yenye umbo kama la hadi diski ya kipakatalishi, inayotumia waya wa SATA. Kasi yake hufika MB 550 kwa sekunde. Ya pili ni kibao chembamba kama kipande cha chingamu, kiitwacho M.2. Kikiwa cha mfumo wa NVMe, kasi yake huweza kufika MB 3,500 na nyingine hupita hata 7,000. Tahadhari! Si kila tundu la M.2 hupokea NVMe. Mengine hupokea SATA pekee. Na kompyuta nyingi za zamani hazina tundu la M.2 kabisa. Kabla ya kutoa shilingi, fungua kompyuta uangalie au usome kitabu chake.

Nayo SSD ina kasoro zake. Kwanza, kila kijumba huchoka kwa kuandikwa na kufutwa. Kile kinachobeba biti tatu, aina iliyoenea sana, huvumilia mara elfu moja hadi elfu tatu hivi. Usiogope, kwa maana SSD hugawa kazi kwa vijumba vyote kwa zamu, na mwanafunzi wa kawaida hawezi kuichosha kwa miaka mingi. Pili, ikifa hufa ghafla, haigongi hodi. Tatu, faili ukiifuta katika SSD huwa vigumu kuifufua, kwani kompyuta huiamuru isafishe vile vijumba mara moja. Nne, SSD iliyochakaa ukiiweka kabatini miaka mingi bila umeme, chaji huvuja polepole na yenyewe huanza kusahau. Basi ni ya kazi ya kila siku, si ya kuzikwa sandukuni.

5. FLASHI NA MEMORI KADI: MATARISHI

Flashi zilianza kuuzwa mwaka 2000, zikibeba MB 8 tu. Leo ile ya mfukoni yaweza kubeba GB 128 na zaidi. Tofauti yake na SSD ni nini, ilhali zote ni chipu? Tofauti iko kwa msimamizi. SSD ina chipu nyingine yenye akili inayogawa kazi, kurekebisha makosa na kuepuka vijumba vibovu. Flashi ya bei nafuu ina msimamizi mchovu, na mara nyingi chipu zake ni za daraja la chini. Huandika polepole, hupata joto, na ikichomolewa katikati ya kazi faharasa yake huvurugika. Hapo ndipo kompyuta husema ifomatiwe.

Yapo mambo matatu niliyojifunza kuhusu flashi, nami nayatoa bure:

(a) Flashi nyingi hupangwa kwa mfumo uitwao FAT32, ambao haupokei faili moja inayozidi GB 4. Ule mchezo wetu wa dakika 45 ulikataa kuingia katika flashi yenye nafasi tele, nasi tukadhani imeharibika. Kumbe! Dawa ni kuifomati kwa mfumo wa exFAT, lakini baada ya kuhamisha kilichomo.

(b) Vyote ving'aavyo si dhahabu. Ziko flashi bandia zinazodai kubeba TB 1 kwa bei ya kutupa, ilhali ndani mna sehemu ndogo tu ya nafasi hiyo. Hupokea faili bila kulalamika, zikijaa huandika juu ya zile za kwanza. Majina yataonekana, ukifungua hamna kitu. Ziko programu za bure, kama H2testw na F3, ambazo huijaza flashi nzima kisha husoma tena zilichoandika. Ukinunua, ipime siku hiyo hiyo ungali na risiti.

(c) Flashi ikikataa kufunguka, usibonyeze "ndiyo". Ichomoe, usiandike kitu chochote ndani yake, umpelekee anayejua. Kinachoua faili zaidi ni kile kinachoandikwa juu yake. Laiti ningalijua!

Memori kadi ya simu ni ndugu yake flashi. Yote niliyosema hapo juu yanaihusu pia. Zote mbili ni matarishi: kazi yao ni kubeba ujumbe kutoka hapa hadi pale, si kuutunza maisha.

6. KILA KAZI NA CHOMBO CHAKE

Tuseme tuna mzigo wa GB 20 wa kunakili. Flashi ya bei nafuu inayoandika MB 10 kwa sekunde itachukua sekunde 2,000, zaidi ya nusu saa. Hadi diski ya MB 120 kwa sekunde itachukua kama dakika tatu. SSD ya SATA ya MB 500 kwa sekunde itamaliza kwa sekunde 40.

Lakini tazama mlango pia, usitazame chombo peke yake. Kompyuta ya maktaba yetu ina matundu ya USB 2.0 tu. Matundu hayo yameahidiwa biti milioni 480 kwa sekunde, sawa na MB 60, ila kwa kazi halisi hupitisha kama 40 au chini. Chomeka humo SSD ya nje yenye mbio zote, zile GB 20 zitachukua zaidi ya dakika nane. Chomeka hadi diski ya nje, nayo itachukua muda uo huo! Ukinunua SSD kwa mlango kama huo umenunua mbio usizoweza kukimbia. Tundu la USB 3 mara nyingi huwa na rangi ya buluu ndani. Liangalie kwanza.

Sasa hii hapa orodha ya kazi aliyoniagiza mwalimu, pamoja na chombo nilichoona kinafaa:

Kuwasha kompyuta za maabara na kuendesha programu: SSD ya SATA, hata ya GB 240 yatosha. Kazi hii ina vipande vingi vidogo na hufanywa kila siku.

Kuhariri video za michezo ya kuigiza: SSD wakati wa kuhariri, kisha video iliyokamilika ihamishiwe hadi diski.

Kamera za ulinzi langoni: hadi diski iliyotengenezwa hasa kwa kamera. Kamera huandika mchana na usiku bila kupumzika, tena huhitaji nafasi kubwa.

Kubeba jarida hadi kwa mpiga chapa: flashi, mradi ibebe nakala wala si kazi yenyewe.

Mwanafunzi mwenye mradi wa somo la kompyuta: mradi ukae ndani ya kompyuta ya maabara, na flashi iwe nakala ya pili.

Kumbukumbu za chama, yaani nyimbo, picha, video na majarida ya miaka yote: hadi diski ya nje. Ni mzigo mkubwa, hufunguliwa mara chache, na wataokuja nyuma yetu watauhitaji.

Nilikokotoa na kuona kwamba chama chetu huzalisha kama GB 20 kwa mwaka. Gawanya 931 kwa 20, diski ya TB 1 ingetutosha miaka 46! Je, tuinunue tukalale? Hapana. Itajaa baada ya miaka 46 lakini haitaishi miaka hiyo. Tumekubaliana kwamba kila muhula itafunguliwa na kukaguliwa, na kila baada ya miaka mitano hivi kumbukumbu zote zihamie diski mpya. Pia zihamie aina mpya ya kifaa ikiwa ya zamani inaelekea kuachwa, yasije yakatupata ya zile disketi saba.

7. NAKALA MOJA SI NAKALA

Nilipomaliza kusoma orodha yangu mkutanoni, mwenzetu wa kidato cha tatu aliuliza swali lililonichoma: "Kama nyimbo zingekuwa kwenye hadi diski badala ya flashi, zingepona?" Nilitaka kusema ndiyo. Nikafikiri, nikasema hapana. Ningeweza kuiangusha. Umeme ungeweza kukatika nikiwa ninaandika. Mwizi angeweza kuichukua. Kosa langu halikuwa flashi. Kosa langu lilikuwa lile la kukata badala ya kunakili, hata vitu vilivyopatikana mara moja duniani vikabaki mahali pamoja.

Iko kanuni iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh, iitwayo tatu-mbili-moja. Uwe na nakala tatu za kila kitu cha maana, katika aina mbili za hifadhi, na moja kati yake ikae mbali na nyingine. Sisi tumeifuata hivi. Fedha za chama zilinunua hadi diski mbili za nje za TB 1. Ya kwanza hukaa katika kabati la idara, ikiwa imefungiwa. Ya pili anayo mwalimu mlezi nyumbani kwake, na huletwa shuleni kila mwisho wa muhula ilinganishwe na mwenzake. Nakala ya tatu, ya nyimbo na majarida tu, iko katika hifadhi ya mtandaoni, maana video ni nzito na bando si bure. Flashi ya chama bado ipo, lakini sasa ni tarishi. Ikipotea leo tutapoteza flashi, basi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi msemo huo nimeuelewa kwa njia nyingine. Siku ile kwa nyanya, mwanachama mmoja mgeni, msichana mpole asiyesema sana, hakuwa na simu. Alikaa nyuma ya wengine akiandika maneno kwa penseli katika daftari lake la Kiswahili. Alifaulu kuandika bembelezi moja tu, ya pili katika zile nne. Mwaka huu ndipo alipoitaja, kwani alidhani sisi wenye simu tunazo zote. Sauti ya nyanya haimo, na mahadhi tunayabahatisha. Lakini maneno yapo, na mtayasoma katika ukurasa wa mwisho wa jarida hili. Tumeyahifadhi mahali patatu, na daftari lenyewe ni la nne.

Shime wenzangu! Kabla ya kulala leo, jiulize ni kitu gani ulicho nacho mahali pamoja tu. Kesho asubuhi kinakili.

ZOEZI

1. Rafiki yako ana rekodi za sauti za saa 10 kwa kiwango cha biti 128,000 kwa sekunde. Zitaingia katika CD moja ya MB 700?

2. Umenunua diski ya GB 500. Windows itaonyesha GB ngapi?

3. Hadi diski inayozunguka mara 5,400 kwa dakika hungoja kwa wastani muda gani hadi nusu ya mzunguko ipite?

4. Video ya GB 5 imekataa kuingia katika flashi yenye nafasi ya GB 30. Eleza sababu na dawa yake.

5. Shule ina kompyuta kumi zinazochukua dakika tatu kuwaka, na pesa za kununua ama hadi diski kubwa kumi ama SSD ndogo kumi. Ungeishauri nini, na kwa nini?

Majibu yamebandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya maabara. Nimeweka nakala mbili.